Kufokasi kwa filamu ya infraredi: alama ya R, skeli ya umbali au filta nyekundu?

Roli imetoka kwenye dawa. Majani ya mikarafuu yametoka meupe pe, anga jeusi, mawingu yamejazana juu ya vilima vya Wete kama pamba. Ila ukiiweka negativu chini ya kioo cha kukuzia, hakuna kilicho kali. Shina la mbele limelegea, na kilima cha nyuma nacho kimelegea. Kamera si mbovu na mkono haukutetemeka. Lenzi ilifokasiwa kwa mwanga wa jicho, halafu picha ikachorwa na mwanga mwingine, infraredi, ambao jicho haliuoni.

Njia za kurekebisha jambo hili zipo kadhaa, na kila moja ina watu wanaoiapia. Hapa tunaziweka pamoja kwa kazi za huku kwetu: vichochoro vya Mji Mkongwe, minazi ya mwambao wa mashariki, mashamba ya karafuu ya Pemba, na sura za watu. Atakayesoma haraka achukue hili: kwa kazi nyingi za nje, lenzi ya mm 28 hadi 50 yenye alama ya R (alama ya fokasi ya infraredi, pembeni ya mstari mkuu wa umbali), tundu la kupitishia mwanga likiwa f/8 au f/11 (namba kubwa ya f ni tundu dogo), inatosha. Kinachobaki ni kujua lini haitoshi.

Kinachosogea, na kwa kiasi gani

Kioo hupinda mwanga mwekundu kidogo kuliko wa buluu, na infraredi huipinda kidogo zaidi tena. Ndiyo maana miale ya infraredi hukutana nyuma ya pale inapokutana miale inayoonekana. Ukifokasi kwa jicho, picha ya infraredi inakuwa haijakamilika inapofika kwenye filamu. Ingekamilika nyuma yake.

Kanuni ya zamani ya wapiga picha ni kuisogeza lenzi mbele kwa robo ya asilimia moja ya urefu wake wa fokasi, yaani moja ya mia nne. Kwa lenzi ya mm 50 ni mm 0.125, unene wa karatasi ya daftari na ushei. Ni kidogo, lakini kiweke mbele ya uvumilivu wa filamu yenyewe. Kwa filamu ya mm 35, tundu la f/2 linavumilia kosa la mm 0.06 kila upande, f/2.8 mm 0.08, f/4 mm 0.12, f/8 mm 0.24, f/11 mm 0.33. Kwa hiyo kwenye f/2.8 fokasi ya jicho imeshatoka nje kabisa. Kwenye f/4 inaning'inia ukingoni. Kuanzia f/8 unakuwa ndani, ila umekwishatumia nusu ya uvumilivu wako kabla hujapiga.

Kumbuka upande wa kosa: ukali huangukia nyuma ya ulichokilenga. Ukilenga kitu kilichoko mita 2 kwa lenzi ya mm 50, ukali wa infraredi unakaa karibu mita 2.2. Na ukiiacha pete ya fokasi kwenye alama ya mbali kabisa (∞), hakuna umbali wowote duniani utakaokuwa kwenye fokasi, maana ukali umekwenda ng'ambo ya upeo wa macho. Ndiyo maana picha za mandhari huharibika zaidi ya za karibu, ingawa wengi hudhani kinyume chake.

Na kwa wanaouliza: filamu hizi hazioni joto. Jiko la mkaa halitang'aa gizani. Zinaona mwanga wa jua uliopita kidogo tu mpaka wa jicho, na majani mabichi huurudisha mwanga huo kwa wingi. Hali hiyo huitwa athari ya Wood, kwa jina la Robert W. Wood aliyechapisha picha za aina hii mwaka 1910.

Anza na filamu na filta, si lenzi

Kiasi cha kusogeza fokasi kinategemea mwanga gani hasa unachora picha. Alama za R kwenye lenzi kuukuu ziliwekwa wakati ambapo filamu za infraredi zilifika mbali. Kodak HIE, iliyoachwa kutengenezwa mwaka 2007, ilifika karibu nanomita 900 (nanomita hupima urefu wa wimbi la mwanga). Filamu za leo hazifiki huko. Rollei Infrared 400 inaishia kama 820, na Ilford SFX 200 inaishia kama 740, hatua chache tu kupita wekundu wa mwisho wa jicho.

Linganisha hivi. SFX 200 na filta nyekundu ya namba 25: sehemu kubwa ya picha inachorwa na mwekundu wa kawaida, na fokasi ya jicho kupitia filta hiyohiyo inakaribia kuwa sahihi. Usisogeze kitu. SFX 200 na Hoya R72, inayozuia karibu kila kitu chini ya nanomita 720, yaani karibu mwanga wote wa jicho: picha inachorwa na utepe mwembamba kati ya 720 na 740. Sogeza nusu ya njia, katikati ya alama ya kawaida na R. Rollei Infrared 400 na R72: sogeza hadi R yenyewe, au punje tu kabla yake. Rollei Infrared 400 na namba 25 ndiyo yenye utata, kwa kuwa mwekundu na infraredi zinachora pamoja, kila moja na fokasi yake. Hapo sogeza nusu na ufunge tundu hadi f/11. Ukifungua hadi f/2.8 utapata picha mbili zilizolaliana, moja kali na moja imelegea juu yake. Wapo wanaoipenda hali hiyo, lakini iwe kwa kukusudia.

Filta nzito zaidi, kama namba 87 inayoanzia karibu na 800, haina maana kwa filamu za leo. SFX haitaona kitu, na Rollei itahitaji sekunde nyingi kwa faida ndogo.

Alama ya R

Hii ndiyo njia iliyokusudiwa na waliotengeneza lenzi, na kwa mtu mwenye tripodi bado haijapata mshindani. Kwenye Nikkor za pete ya mkono ni nukta ndogo pembeni ya mstari mkuu. Kwenye Super-Takumar za Pentax ni alama yenye herufi R. Lenzi za kuvuta, za mm 80 hadi 200 kwa mfano, huwa na mstari uliopinda, kwa sababu kiasi cha kusogea hubadilika na urefu wa fokasi.

Hatua zenyewe:

1. Weka kamera kwenye tripodi bila filta. Fungua tundu lote na ufokasi kwa makini.
2. Soma umbali ulioangukia kwenye mstari mkuu, tuseme mita 5.
3. Zungusha pete mpaka hiyo 5 ifike kwenye R. Pete itaelekea upande wa namba ndogo. Ikielekea kwenye ∞ umekosea upande.
4. Funga tundu hadi f/8 au f/11.
5. Vaa filta bila kuigusa pete, kisha piga.

Hatua ya 5 ndiyo inayoharibu kazi. Ukiikaza filta kwa mkono mmoja, pete ya fokasi nayo inazunguka, na kwenye lenzi ambazo uso wa mbele huzunguka zikifokasi huna pa kushika. Bandika kipande cha utepe wa karatasi kati ya pete na mwili wa lenzi baada ya hatua ya 3. Kishikilia filta cha kuchomeka mraba kina nafuu zaidi: unavaa mara moja, kisha unachomeka na kuchomoa kioo tu. Pwani faida hiyo inaongezeka, kwa kuwa chumvi na mchanga wa Paje huingia kwenye nyuzi za filta, na baada ya kufungua na kukaza mara thelathini filta inakwama. Angalia tu kwamba kishikilia kinabana kwenye lenzi bila upenyo. Mwanga mweupe ukiingia kwa nyuma ya R72 utaosha picha yote.

Kasoro nyingine ya njia hii ni kwamba lenzi nyingi za otomatiki hazina R. Canon EF 50 mm f/1.8 ya kwanza, ya mwaka 1987, ilikuwa na skeli ya umbali. Ya pili, ya mwaka 1990, iliondolewa skeli yote ili ishuke bei. Na hata lenzi za otomatiki zenye skeli, pete yao huzunguka kidogo mno kati ya mita 5 na ∞, kiasi kwamba kosa la mm 1 la kidole linakula faida yote. Kwa filamu ya infraredi lenzi kuukuu ya mkono, yenye pete ndefu na nzito, inaipita lenzi mpya ya otomatiki, na mara nyingi ni rahisi zaidi.

Ila lenzi kuukuu ya visiwani ina jambo lake: koga. Hewa ya huku ni ya unyevu mwaka mzima, na lenzi nyingi zimeshafunguliwa na fundi ili zisafishwe. Fundi asipozirudisha nyuzi za ndani mahali pake, lenzi itafokasi vizuri kwa jicho lakini skeli itasema uongo, na R pamoja nayo. Jaribu bila filta: simama Forodhani, fokasi kisiwa cha Changuu, na usome pete. Isiposimama kwenye ∞, usiiamini R ya lenzi hiyo mpaka irekebishwe.

Skeli ya umbali na tundu dogo

Hapa hufokasi kwa jicho kabisa. Filta inakaa kwenye lenzi siku nzima, pete unaiweka kwenye namba moja, na unapiga. Ni njia ya mtu anayetembea.

Jedwali lifuatalo ni la filamu ya mm 35, Rollei Infrared 400 na R72, tundu f/11. Namba za pete zinasomwa kwenye mstari mkuu wa kawaida; kusogea kwa infraredi kumeshahesabiwa ndani yake, kwa hiyo usizipeleke tena kwenye R.

| Lenzi | ∞ ya infraredi iko pete ikiwa | Weka pete kwa mandhari yote | Ukali unaanzia |
|---|---|---|---|
| mm 28 | mita 11 | mita 2 | mita 1.2 |
| mm 35 | mita 14 | mita 2.9 | mita 1.9 |
| mm 50 | mita 20 | mita 5.5 | mita 3.8 |
| mm 85 | mita 34 | mita 13 | mita 11 |
| mm 135 | mita 54 | mita 27 | mita 28 |

Safu ya pili ni urefu wa lenzi mara 400, na inafaa kuikariri kwa lenzi zako mwenyewe: ndiyo mbadala wa R kwa lenzi isiyo na R. Mstari wa mwisho unashangaza mara ya kwanza, pete iko mita 27 na ukali unaanza mita 28. Si kosa la hesabu. Kwenye lenzi ndefu kusogea ni kukubwa kiasi kwamba namba ya pete na umbali halisi wa infraredi vimeshaachana.

Ukisahau kusogeza, hasara ni ya kiasi. Kwa mm 50 na f/11, fokasi ya kawaida ya mandhari yote ni mita 7.6. Ukiiacha hapo, kule mbali bado utapona, lakini ukali utaanza mita 4.7 badala ya 3.8. Unapoteza karibu mita moja ya mbele, na mita hiyo mara nyingi ndiyo yenye ngalawa. Kwa mm 28 tofauti ni ya kutafuta kwa kioo. Hii ndiyo sababu lenzi pana zinasamehe na ndefu hazisamehe.

Kwa nini basi tusifunge hadi f/22 tukalala? Kwa sababu mwanga unaopita kwenye tundu dogo hutawanyika, na infraredi hutawanyika zaidi ya mwanga wa jicho. Kwa nanomita 750, nukta moja ya mwanga inakuwa duara la mm 0.020 kwenye f/11, mm 0.029 kwenye f/16 na mm 0.040 kwenye f/22. Kipimo cha ukali cha mm 35, yaani duara kubwa kabisa ambalo jicho bado linaliona kama nukta, ni kama mm 0.03. Kwenye f/16 tayari umefika ukingoni, na kwenye f/22 umepita: kila kitu kiko kwenye fokasi na hakuna kilicho kali. Baadhi ya lenzi pia hutoa doa jeupe katikati ya picha zikifungwa sana, kwa sababu rangi ya kuzuia mng'ao ndani yake haikutengenezewa infraredi. Doa likitokea kwenye f/16, rudi f/8.

Mwanga nao una masharti yake. Rollei Infrared 400 na R72 ipimwe kwa kipimo cha mwanga cha mkononi kama filamu ya ISO 12 (ISO ni wepesi wa filamu kupokea mwanga). Jua kali la saa nne asubuhi linakupa takriban f/11 kwa 1/30 ya sekunde, na piga nyingine mbili kwa 1/15 na 1/8, kwa kuwa kipimo hakioni infraredi. Upepo wa kusi, kuanzia Juni, hautaki mambo hayo: makuti ya mnazi kwa 1/15 yanatoka kama moshi. Wengi huilaumu fokasi hapo. Tazama ukuta au jiwe lililo umbali uleule na mnazi. Jiwe likiwa kali na makuti yakiwa moshi, ni upepo. Jiwe likilegea huku kitu cha nyuma yake kikiwa kali, ni fokasi. Kila kitu kikiwa na kivuli cha pili upande mmoja, ni kamera iliyotikisika.

Kufokasi kupitia filta nyekundu

Namba 25 haizibi macho. Unaivaa, unatazama ulimwengu mwekundu, unafokasi, unapiga. Jicho linafokasi kwa mwekundu tu, si kwa buluu na kijani, kwa hiyo sehemu ya kosa imeshaondoka yenyewe. Na SFX 200 ndiyo ndoa yake.

Ukiiweka pembeni ya R72: namba 25 inakula stopu tatu tu (kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu), kwa hiyo SFX inakuwa kama ISO 25 na Rollei kama ISO 50, unapata 1/60 kwa f/11 au f/16 na tripodi inabaki nyumbani. Watoto wanaoruka majini Forodhani, jahazi linalopita, gari za shamba kituoni, vyote vinapigika. Unachokosa ni weupe wa majani. Kwa namba 25 mnazi unatoka kijivu cheupe, kwa R72 unatoka kama umemwagiwa chokaa. Anga jeusi unalipata kwa zote mbili, siku isiyo na mvuke mwingi.

Hitilafu yake ni ya macho. Kioo cha kufokasia kinakuwa na giza jekundu, na baada ya dakika chache jicho linachoka. Vaa filta, fokasi ndani ya sekunde tano, ondoa jicho. Lenzi ambayo tundu lake kubwa kabisa ni f/3.5 au dogo zaidi inatatiza; hapo mm 50 ya f/1.8 ni nyepesi zaidi hata kama utapiga kwa f/11.

Kamera zisizotazama kupitia lenzi

Kamera ya lenzi mbili ya filamu ya 120 (roli pana kuliko ya mm 35), kama Yashica Mat-124G, na zile za kupimia umbali kwa dirisha la pembeni, zina raha moja kubwa: R72 inakaa kwenye lenzi ya chini muda wote na wewe unaona kila kitu. Huvui, huvai, hubandiki utepe. Kwa kazi ya R72 ya mkononi hakuna kinachozifikia.

Bado utasogeza. Lenzi ya mm 80 inadai mm 0.2, sawa na kuiona ∞ pete ikiwa mita 32. Lakini filamu ya sentimita 6 kwa 6 haikuzwi sana kama ya mm 35, hivyo inavumilia zaidi, na kwenye f/11 kosa lote linamezwa. Kwa f/3.5 halimezwi.

Kamera kuukuu za 120 zenye kidirisha chekundu mgongoni ni jambo jingine. Kile kidirisha kilitengenezwa kuzuia mwanga usiidhuru filamu ya kawaida. Infraredi inapita kama hakipo. Kizibe kwa utepe mweusi, ufungue kivulini wakati wa kusogeza filamu tu. Na baadhi ya kamera za otomatiki za mm 35 huhesabu matundu ya filamu kwa taa ndogo ya infraredi iliyo ndani, ambayo inaweza kuunguza ukingo wa filamu. Uliza kabla ya kununua.

Kioo cha duara na lenzi za bei ya juu

Lenzi za kioo cha duara, mm 500 f/8, hufokasi kwa kurudisha mwanga badala ya kuupinda, na kioo hurudisha rangi zote mahali pamoja. Kwa hiyo kusogea karibu hakuna. Tatizo ni f/8 isiyofungika na mm 500: kwa ISO 12 ni 1/60 juani, na upepo wa baharini unaisukuma kama tanga. Ifae mwezi, au mnara wa mbali siku shwari.

Lenzi zinazoitwa apo zimerekebishwa kwa rangi tatu zinazoonekana. Neno hilo peke yake haliahidi infraredi. Chache zilitengenezwa zikafika huko. Leica Apo-Telyt-R 180 mm f/3.4 ya miaka ya 1970 ni mojawapo, na haihitaji R. Kwa bei zake, utanunua Nikkor za pete na roli za kutosha miaka miwili.

Fokasi ya otomatiki: izime. Na R72 mbele haiaminiki, na bila filta inakupa fokasi ya jicho ambayo utalazimika kuisogeza kwa mkono vilevile.

Kazi gani, njia gani

Vichochoroni Mji Mkongwe ndiko kwenye mtego. Kivuli cha kuta za mawe kinaangazwa na anga la buluu tu, na anga la buluu lina infraredi kidogo sana. Kipimo kitasema sawa, filamu itatoka tupu. Ongeza stopu mbili hadi tatu, na kishawishi cha kufungua tundu hadi f/2.8 kitakuja hapo hapo. Usikifuate bila R. Ama tripodi, f/8 na sekunde mbili tatu, ama subiri saa ambayo jua linaingia kichochoroni. Lenzi ya mm 28 kwa skeli ndiyo stahiki, kwa kuwa umbali ni mita 2 hadi 10 na watu hawakai.

Msitu wa Ngezi au Jozani unaonekana una kivuli kilekile, lakini sicho. Jani bichi halirudishi infraredi tu, linaipitisha pia, na sakafu ya msitu imejaa mwanga usiouona. Stopu moja ya nyongeza mara nyingi inatosha. Tripodi, R, f/8.

Mashamba ya karafuu na vilima vya Pemba, ukiwa juu ukatazama hadi baharini: mm 35 au 50 na R72, pete kama jedwali. Kwenye mikoko, maji yanameza infraredi na kutoka meusi, majani meupe juu yake. Hapo mstari kati ya maji na jani ni mkali mno na kosa lolote la fokasi linaonekana papo hapo. Fokasi kwa R, si kwa skeli.

Picha za sura ndizo zinazotaka uangalifu kuliko zote. Lenzi ya mm 85, f/2.8, mtu yuko mita 2: kosa ni sentimita 12 kwa nyuma, na eneo kali ni kama sentimita 5 kila upande. Umelenga jicho, ukali umekaa sikioni. Hakuna kubahatisha hapo. Ni R kamili kwa Rollei na R72, au namba 25 na SFX kwa f/5.6. Unapoomba ruhusa mweleze unayempiga kwamba ngozi itatoka nyeupe kama maziwa na midomo itapauka, na buibui jeusi linaweza kutoka kijivu kwa kuwa rangi nyingi za vitambaa hurudisha infraredi. Wapo watakaokataa, na wana haki.

Jaribio la picha nne

Roli hizi huagizwa kutoka nje, na mtu huona uchungu kuitoa picha hata moja kwa jaribio. Nne zinatosha kwa lenzi moja, na zinaokoa roli nzima.

Pakia filamu kivulini kabisa. Msingi wa Rollei Infrared 400 ni wa plastiki angavu na mwanga husafiri ndani yake kupitia ulimi wa filamu. Kama roli ilikuwa kwenye friji, iache saa moja au mbili ndani ya kopo lake kabla ya kufungua, la sivyo unyevu utatua juu yake.

Panga chupa saba za soda juani, kila moja nyuma ya mwenzake kwa sentimita 10 na pembeni kidogo ili zote zionekane, ya nne ikiwa mita 2 kamili kutoka kwenye filamu. Gundi kipande cha gazeti kwenye kila chupa. Kamera kwenye tripodi, lenzi mm 50, tundu f/2. Picha ya kwanza bila R72, umefokasi chupa ya nne. Ya pili na R72, pete usiiguse. Ya tatu na R72, pete nusu ya njia kuelekea R. Ya nne na R72, pete kwenye R kamili. Zote zenye R72 kwa 1/1000 juani. Ya kwanza, kwa ISO 400, ivae filta ya kijivu inayopunguza mwanga tu, tundu libaki f/2.

Ukiisoma negativu kwa kioo cha kukuzia, ya kwanza itakuwa kali kwenye chupa ya nne. Ikiwa siyo, kamera yenyewe ina kasoro ya kufokasi na jaribio liishie hapo. Ya pili kwa Rollei itakuwa kali kwenye chupa ya tano au ya sita. Kati ya ya tatu na ya nne, ile inayoirudisha herufi za gazeti kwenye chupa ya nne ndiyo alama yako halisi kwa filamu na filta hiyo. Ikiwa iko mahali pasipo na R, chukua kijiti cha meno na rangi ya kucha nyeupe, weka nukta ndogo kwenye mwili wa lenzi pembeni ya mstari mkuu, na uiache ikauke saa nzima kabla ya kuigusa pete.